Mkabidhi wa Msambweni

Kuna kamusi elezo ya Kiswahili mtandaoni, inayoandikwa na watu wasiolipwa, kila mmoja kwake. Yeyote anaweza kuingia akaandika, na yeyote anaweza kufuta alichoandika mwenzake, kwa hiyo ugomvi haukosekani. Wachache kati yetu wamepigiwa kura wakapewa funguo: wanaweza kuufunga ukurasa unaogombewa, na kumfungia nje kwa muda mtu anayeharibu au anayetukana. Hao tunawaita wakabidhi. Yeye alikuwa mmoja wao. Mtandaoni alikuwa Mkabidhi, na uso kwa uso nilimwita Bi Mkabidhi, naye akaitika kana kwamba ndilo jina alilopewa na wazee wake. Hilo la wazee wake nalijua pia. Hakupenda liandikwe, na hapa sitaliandika.

Nilimjua kwa maneno kabla sijamwona. Mimi ni mpokea wageni katika hoteli moja ya Diani, na wageni wakipungua, dawati langu huwa kimya hata nikasikia friji ya baa ikinguruma. Katika msimu mmoja wa namna hiyo nilifungua ukurasa wa Mkongani, kwetu, nikakuta mtu ameuandika kana kwamba ni mji wa bandari. Nikausahihisha. Baada ya saa chache nikapata ujumbe:

"Asalaam alaikum. Ahsante kwa kusahihisha. Sasa niambie umejuaje."

Nikajibu kwamba ndiko kwetu.

"Nimefurahi kupajua kwenu," akaandika. "Lakini kwenu si marejeo."

Marejeo ndiyo dini ya watu hawa: kitabu, gazeti au hati ambayo mtu mwingine anaweza kuifungua akasoma jambo lile lile. Nilikasirika siku nzima. Jioni nikaenda kuomba ramani kwa rafiki yangu anayefundisha jiografia Ukunda, nikaandika jina la ramani na mwaka wake chini ya ukurasa, na Mkabidhi akaniachia neno moja tu: "Sawasawa." Sikumbuki kama kuna mgeni aliyewahi kunisifu nikafurahi kiasi kile.

Kwamba tunakaa wilaya moja niligundua kwa picha. Alikuwa amepiga picha ya samaki kwenye meza ya saruji iliyopakwa rangi ya buluu, yenye pembe iliyovunjika, na pembe ile naijua, iko penye wauza samaki Msambweni. Nilimwandikia faraghani. Alikaa siku mbili bila kujibu, kisha akaandika: "Ukipenda, njoo Jumamosi baada ya adhuhuri. Usimwambie mtu ninachofanya." Tangu hapo nilikwenda Jumamosi nyingi, kila zamu iliponiruhusu.

Alikaa peke yake, nyuma ya barabara ya hospitali, katika nyumba ya vyumba viwili na sebule. Kompyuta yake ilikaa juu ya meza ya cherehani, na cherehani lenyewe limeshushwa sakafuni na kufunikwa leso. Aliandika kwa vidole viwili vya kati, polepole, akitamka kila neno kwa sauti ya chini. Chai yake ilikuwa na tangawizi nyingi mno, na hakuwahi kuuliza kama naipenda hivyo.

Kazi yake ya zamani ilikuwa ukalimani wa mahakama. Kwa miaka mingi alisimama kati ya hakimu na watu wa Kwale, akiyahamisha maneno kutoka Kidigo na Kiduruma kwenda Kiswahili na Kiingereza, na kuyarudisha. Mkalimani, alinieleza, hasemi "huyu anasema alikata mnazi." Husema "nilikata mnazi." Maneno ni ya mwenyewe, mdomo tu ndio wa kuazima.

"Nimekiri wizi wa mbuzi, mwanangu," alisema siku moja, akipepeta mchele. "Nimekiri kumpiga mke wangu. Nimeomba talaka na nimekataa kuitoa, siku hiyo hiyo, kabla ya chakula cha mchana."

Alisema kwa kucheka. Lakini mimi nimetembea naye mpaka penye wauza mboga, nikaona ilivyo. Wanawake walikuwa wakizungumza, tulipofika wakaamkiana naye vizuri sana, kwa adabu zote, na mazungumzo yakafa. Tulipoondoka yakaanza tena. Mmoja alisema nyuma yetu, si kwa ubaya, "Yule anazijua talaka zote za Kwale." Ndivyo ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa na jamaa ambaye maneno yake ya aibu yaliwahi kupita kinywani mwa Bi Mkabidhi. Hakuwahi kulirudia hata moja nje ya mahakama, na watu walijua kwamba hakuwahi. Hilo halikuwasaidia. Ni vigumu kukaa ukumbini na mtu anayejua, hata kama hasemi.

Mtandaoni hakuna aliyejua kazi yake ya zamani, ila kazi ile ilionekana katika kila alichofanya. Wahariri wawili wakigombana, wakifutana na kurejeshana maandishi kutwa nzima, yeye aliufunga ukurasa kwanza, kisha akawaambia wapumzike mpaka kesho. "Maneno nayo yana usingizi wake," aliandika. Kesho yake alikuja na kuandika hoja ya kila mmoja upya, kwa lugha nzuri kuliko aliyotumia mwenyewe, akimuuliza: "Je, ndivyo unavyosema?" Mtu akisema hapana, alirudia. Hakugusa ugomvi wenyewe mpaka pande zote mbili zimejibu "ndivyo."

Nilimwona akifanya hivyo kati ya mwanafunzi wa Nairobi aliyetaka kurasa zote ziseme tarakilishi, na mwalimu wa Dodoma aliyesema neno hilo hakuna anayelitamka akiwa na njaa, sote tunasema kompyuta. Walikuwa wamefikia kuitana majina mabaya. Aliwafasiri mmoja kwa mwenziwe, mara nne au tano, mpaka mwanafunzi akakubali kwamba hoja yake haikuwa neno lile, ila Kiswahili kisidharauliwe, na mwalimu akakubali kwamba naye hataki kidharauliwe. Hawakupatana, kusema kweli. Mwanafunzi aliendelea kununa. Lakini kurasa zilitulia, na mwalimu akaanza kumwita mwenzake "ndugu yangu."

"Hawakupatana," nilimwambia Jumamosi ile.

"Nani amekwambia kazi yangu ni kupatanisha? Kazi yangu ni kila mmoja ajue anapingana na nini."

Huyo ndiye mtu ambaye kwa jirani yake mwenye mbuzi hakuwa na subira hata ya chembe. Mbuzi wakiingia kwenye mchicha wake, alitoka na mawe. Jirani alikuja mara moja kuzungumza, mtu mpole, kofia mkononi, na Bi Mkabidhi akamwambia kupitia dirishani, "Toa mbuzi wako kwanza, habari baadaye," na dirisha likafungwa. Nilipomuuliza mbona hakumfasiria jirani hoja yake, alinitazama kwa muda. "Yule hakunipigia kura," akasema.

Na aliwahi kuwa na mume. Nilijua kwa sababu ya koti la mwanamume lililotundikwa nyuma ya mlango wa chumba, nikauliza, kwa upumbavu wa ujana. "Tulitofautiana," alisema. Ugomvi wa tarakilishi ulichukua wiki nzima na kurasa ndefu za majadiliano. Ndoa yake ilichukua neno hilo moja, kisha akaniuliza kama nataka chai.

Siku ya pili ya Idi moja nilipita kumpa mkono wa Idi. Sahani zilikuwa mezani, zimefunikwa kawa, biriani ya kuwatosha watu wengi, na hapakuwa na mtu. Yeye alikuwa mbele ya kompyuta akijibu salamu: mtu wa Arusha, mtu wa Unguja, padri mmoja wa Bujumbura aliyeandika kuhusu miti. Akanigeuzia kioo nikione.

"Waone watu wangu," akasema.

Nilikula sahani mbili. Nyingine alizifunika tena.

Katika watu wake hao kulikuwa na mmoja aliyezidi wengine. Alitumia jina la Mwamba. Tulijua ni mwanamume, mtu mzima, wa upande wa Tanzania, pengine Tanga, kwa sababu picha zake nyingi zilikuwa za soko la samaki huko. Huyu na Mkabidhi waliandika kurasa za samaki wa pwani yetu, samaki mmoja baada ya mwingine, na hawakuwahi kukubaliana juu ya hata mmoja bila kwanza kubishana.

Mfano wa tafi. Kwetu Msambweni samaki yule ni tafi. Kule kwa Mwamba ni tasi. Ukurasa ni mmoja, kichwa cha ukurasa ni kimoja. Walibishana mvua ikaanza na ikaisha. Mwamba alileta vitabu vya uvuvi vya kwao, viwili vitatu, vyote vinasema tasi. Mkabidhi hakuwa na kitabu, alikuwa na pwani nzima ya Kwale, na pwani si marejeo. Mimi nilimwambia: una funguo, weka tafi, nani atakuuliza. Alinikaripia mpaka nikaomba radhi. Kichwa kikawa tasi, na sentensi ya kwanza ikasema kwamba Kenya huitwa tafi, maana baada ya kutafuta sana alipata kijitabu kimoja chenye mstari mmoja.

"Nikila ni tafi," alimwandikia Mwamba, "nikiandika ni tasi."

Mwamba akajibu, "Mimi nikila sizungumzi."

Mkabidhi alicheka kwa jibu hilo wiki nzima. Kuna asubuhi nilifika nikamkuta amevaa vizuri, kilemba kipya, wanja, nikadhani ana safari. Hakuwa na safari. Mwamba alikuwa amejibu hoja yake kuhusu samaki aitwaye changu, jibu refu, na alitaka kulisoma akiwa tayari. Hawakuwahi kuulizana majina wala kabila wala kama kuna watoto. Ilikuwa desturi ya watu wa kazi ile: mtu akichagua kujificha, hafunuliwi. Alijua tu kwamba Mwamba haandiki Ijumaa, kwamba homa humpata mvua za vuli, na kwamba akikasirika huacha kutumia vituo vikuu.

Yaliyotokea yalianzia kwangu.

Niliandika ukurasa kuhusu mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe wanaovuka barabara ya Diani kwa kamba walizotundikiwa. Wageni huniuliza habari zao kila siku, nami huwajibu, kwa hiyo niliandika niliyozoea kuwajibu, kwa urefu, bila kitabu hata kimoja. Mwamba alifuta karibu ukurasa wote. Hilo lilikuwa haki yake. Lakini kwenye ukurasa wa majadiliano akaandika: "Huyu arudi kubeba mabegi ya wazungu, uandishi auachie wenyewe."

Mimi sibebi mabegi, lakini baba yangu aliyabeba maisha yake yote katika hoteli hizo hizo, na mabegi hayo ndiyo yaliyonisomesha. Nilimjibu kwa hasira. Wengine wakaingia. Kufikia jioni watu wa nchi tatu walikuwa wakibishana kama Mwamba amekosea au la.

Mkabidhi aliufunga ukurasa. Kesho yake akaandika hukumu yake, nami naikumbuka. Kwanza alisema maandishi yangu hayarudi, kwa sababu hayana marejeo na Mwamba alikuwa sahihi kuyafuta. Kisha akamtaka Mwamba aliondoe lile neno la mabegi. Mwamba akakataa. Akamwomba mara ya pili. Mwamba akaandika, "Unajua kwamba nina haki." Mara ya tatu alimwandikia, "Una haki katika mbega. Katika mtu huna." Mwamba hakuondoa neno. Ndipo alipomfungia nje kwa wiki moja, kama kanuni inavyosema.

Kabla mlango haujafungika Mwamba aliweka mstari mmoja kwenye ukurasa wa Mkabidhi:

"Nimeikubali hukumu. Ila sikujua kwamba tulikuwa mahakamani."

Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za mahakama. Alikuwa amesema tu, kama watu wanavyosema. Jumamosi nilipokwenda, nilimkuta Bi Mkabidhi ameketi mbali na kompyuta, kwenye kiti cha jikoni, mikono mapajani.

"Alijuaje?" akaniuliza.

"Hakujua, Bi. Ni msemo tu."

"Ah," akasema. "Msemo."

Mimi pia nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya mbega wangu, na sikukaa sana.

Wiki ikaisha. Mkabidhi aliandika kwenye ukurasa wa Mwamba: "Mlango uko wazi. Karibu." Hapakuwa na jibu. Akaandika tena mwezi uliofuata, kuhusu samaki anayeitwa kolekole, swali la kweli, lenye kosa dogo ndani yake, na nilitambua kwamba kosa lile ameliweka makusudi, kwa kuwa Mwamba hakuwahi kuona kosa akanyamaza. Akanyamaza. Mkabidhi akaendelea na samaki peke yake. Katika kila ukurasa aliacha nafasi wazi penye jina linalotumika Tanzania. Wahariri wengine walipotaka kuijaza, aliwaambia, "Ngojeni kidogo."

Kilichopungua zaidi kilikuwa ubishi. Nilijaribu kumbishia mimi, nikapinga hoja zake za pono na za kitatange, lakini sikuwa najua kitu kuhusu samaki na yeye alijua kwamba sijui. Alinijibu kwa upole. Upole ule ulinikatisha tamaa kuliko ukali wake wa zamani.

Mwaka wa pili akaniambia, "Nataka kwenda Tanga. Utanisindikiza?"

Tulivuka mpaka wa Lunga Lunga asubuhi, na vibali vya muda mkononi, kati ya malori yaliyosimama foleni na vijana wa bodaboda waliotaka kutuvusha kipande cha kutembea kwa mguu. Alikuwa amevaa buibui lake jeusi la sherehe na viatu vya ngozi. Njia nzima hakusema ila mara moja, tulipokuwa upande wa pili: "Hapa ndipo tafi anapogeuka tasi."

Sokoni Tanga hakujua aulizeje. Yeye aliyewauliza mashahidi maswali ya mawakili miaka yote ile, alisimama mbele ya mama mmoja muuza samaki, akigusagusa ncha ya mtandio. Mimi ndiye niliyeuliza.

"Shikamoo mama. Tunamtafuta mzee mmoja aliyekuwa akija hapa kupiga picha za samaki."

"Marahaba. Mzee wa picha?" Yule mama akamtazama jirani yake wa meza, wakacheka. "Mkorofi huyo. Kila siku kutubishia majina. Unamwambia huyu fulani, anasema hapana, mimi nimesoma. Hanunui, anabisha tu."

"Yuko wapi siku hizi?" Mkabidhi akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Kachukuliwa na binti yake, kahamia Dodoma. Miguu haikumtii tena."

"Kwa hiyo yuko hai."

"Yu hai, mama. Juzijuzi tu alinipigia simu kuuliza kama jodari wameingia. Dodoma huko, jodari atamfanyia nini." Alifuta mikono kwa kitambaa, akatoa simu. "Namba yake hii hapa. Yule mzee anaitwa..."

Mkabidhi akanyanyua mkono. "Usilitaje, mwanangu."

Mama akabaki na simu hewani. Akanitazama mimi.

"Jina lake alinificha," Mkabidhi akasema. "Si haki yangu kulichukua nyuma ya mgongo wake. Na namba vilevile."

"Basi nimwambie nani kamuuliza?"

Alifungua kinywa. Nilimwona akitafuta maneno, na sikuwa nimewahi kumwona akiyatafuta. "Mwambie," akaanza. Kisha akasema, "Usimwambie kitu." Akanunua samaki wawili, akaomba wafungwe kwenye gazeti, akashukuru.

Nilinyamaza mpaka tuliporudi upande wetu wa mpaka, ndipo nikashindwa.

"Tulikwenda kufanya nini basi, Bi?"

"Nilitaka kujua kama yu hai. Nimejua."

"Ungeweza kuzungumza naye leo hii. Sasa hivi."

"Na angesema nini? Yeye aliondoka kwa miguu yake, mwanangu. Mtu aliyeondoka hafuatwi na polisi."

Nilitaka kumwambia kwamba yeye si polisi. Lakini alikuwa amegeuza uso kwenye dirisha la gari, na kifurushi cha samaki kilikuwa kinalowesha buibui lake mapajani, naye hakukisogeza.

Baada ya safari hiyo alirudisha funguo. Aliandika sentensi tatu za kuwashukuru wahariri, akaomba jina lake liondolewe kwenye orodha ya wakabidhi. Watu wa Arusha na Unguja na padri wa Bujumbura waliandika mambo mengi mazuri. Yeye aliyasoma yote, akasema, "Wanaandika kama tanzia." Miezi michache baadaye walinipigia kura mimi. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi.

Aliendelea kuandika kama mhariri wa kawaida, na hapo nikaanza kuona kitu kipya. Alikuwa mkali. Si ule ukali wa zamani wa kanuni, ulikuwa ukali wa mtu mchovu. Alifuta kazi za wageni bila maelezo. Mvua za masika zilipoanza, binti mmoja wa chuo, mhariri mpya, aliandika ukurasa kuhusu leso, na Mkabidhi akaweka chini yake: "Asiyejua kusoma asianze kuandika."

Binti yule aliniandikia mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyeshika funguo. Hakulalamika sana. Aliuliza tu kama ni desturi.

Ningeweza kuandika onyo nikiwa hotelini. Niliandika, nikafuta, nikaandika tena. Siku iliyofuata, iliyokuwa Jumatano, nikapanda gari la Msambweni. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, na uchochoro wa kwake umejaa maji hadi kwenye ngazi. Nikavua viatu.

"Hodi."

"Karibu." Alipofungua mlango nikaona amekonda. "Leo si Jumamosi."

"Shikamoo Bi."

"Marahaba. Umekuja kwa lile neno."

"Nimekuja kwa lile neno."

Akanipa taulo nijifute miguu. Akaweka birika jikoni. Aliporudi alikaa kwenye kiti cha cherehani, mgongo kwa kompyuta.

"Onyo la kwanza huandikwa kwenye ukurasa wa mtu," akasema. "Kanuni unaijua."

"Nitaliandika, Bi, ikibidi. Nimeona nije kwanza."

Birika likaanza kuvuma, akaliacha. Niliogopa kwamba nimemvunjia heshima, mtu ambaye kila kitu katika kazi hii amenifundisha yeye, nikaanza kutafuta maneno ya kuilainisha ile sentensi. Akanizuia kwa kichwa.

"Mimi yule mzee sikumwendea kwanza," akasema.

"Alikuwa mbali, Bi. Nchi nyingine."

"Siku tuliyokwenda Tanga tulifika kabla ya adhuhuri."

Akainuka kuipua birika. Alikaa jikoni muda mrefu kuliko chai inavyotaka. Nilisikia bomba likifunguliwa na kufungwa. Aliporudi, macho yake yalikuwa yameoshwa, na hakuwa na vikombe mkononi. Alikaa mbele ya kompyuta, akaliondoa lile neno alilomwandikia binti, kisha akaanza kuandika kwa vidole vyake viwili, akitamka.

"Binti yangu, nimeyafuta maneno yangu. Hayakufaa kuambiwa wewe wala mtu mwingine. Ukurasa wako unahitaji marejeo, na mimi ninavyo vitabu vya leso. Ukipenda tutaandika pamoja." Akasimama hapo. "Niongeze nini?"

"Inatosha, Bi."

"Inatosha," akasema, akatuma.

Tukanywa chai, ile ile ya tangawizi. Aliniuliza habari za mama yangu, akaniuliza habari za hoteli, na kama nimepata mchumba. Kwa miaka yote ile hatukuwahi kuzungumza hata mara moja bila ya ukurasa fulani kuwa kati yetu, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa hodari wa jambo hilo. Tulikuwa tukisema, tukinyamaza, tukisema. Saa kumi nikatazama saa yangu, nikaanza kuvaa viatu.

"Unakwenda?"

"Nina zamu ya jioni, Bi."

Akatazama mlangoni. "Na mvua yote hii," akasema. "Utalowa bure."

Nikatazama nje. Mvua ilikuwa imekatika tangu tulipokuwa tukinywa chai. Jua lilikuwa limetoka, na mabati ya jirani yalikuwa yanafuka mvuke.

Nikavua viatu tena. Nikampigia mwenzangu wa zamu, nikamwambia nimekwama Msambweni kwa mvua.